Nahodha wa Meli Iliyosimama

Melini, 9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima na goti lako limeacha kelele. Mimi mzima, ila nimepungua kidogo, jambo la aibu kwa mpishi. Nisalimie mama, mwambie sweta imefika, mikono yake inanifika magotini, na nashukuru hivyo hivyo. Mke wangu mwambie asinyanyue ndoo. Mtoto wa Agosti hahitaji kuharakishwa.

Sasa vuta kiti ukae. Mjomba, mimi ni nahodha.

Usicheke! Nakumbuka ulivyoniaga: "Upawa, mpishi wa meli huzeeka mpishi." Haya, njoo uone. Jina langu limo kwenye daftari la meli, kwa wino, na mbele yake limeandikwa neno Nahodha, na afisa wa bandari amelipigia muhuri juu. Leo asubuhi mzee wa boti la maji ameniita Nahodha mara tatu, nikampa chai na kipande cha mkate.

Mengine nitakueleza nikipata nafasi. Majukumu ni mengi mno.

Mpwa wako,
Upawa (Nahodha)


Nyumbani, 27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti bado lina maneno, hasa asubuhi. Mama yako mzima, anaendelea kunisimanga kama alivyoanza nikiwa na miaka mitano. Mke wako hajambo. Amekatazwa ndoo, sasa ananyanyua cherehani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Hongera. Lakini umeingia kwenye jina kubwa kama mtu aliyeingia harusini na kandambili, kwa hiyo kaa kitako nikufunze.

Nahodha ndiye mwenye kauli ya mwisho chomboni. Hata kama chombo ni kibovu na kinabeba kuku, mwenye kauli ya mwisho ni nahodha. Kapteni wanamwita vile vile, sikatai, lakini kapteni hata timu ya mpira inaye, hata jeshini wapo wanaovaa buti na kuogopa maji. Nahodha bila chombo hakuna. Kisha kuna serahangi. Huyo ni mkuu wa mabaharia wa sitaha, mwenye filimbi na matusi. Kamba, nanga, rangi, winchi, vyote viko kichwani mwake, ila mkubwa wa chombo siye. Na rubani wa bandari hupanda saa moja tu, akaonyesha njia, akashuka. Usije ukawachanganya watu hawa mbele za watu, utanitia aibu. Mimi mtaa mzima unaniita Nahodha mwaka wa kumi na nane huu. Hata barua yako imefika kwa kuandikwa "Kwa Nahodha" tu, bila namba ya nyumba.

Sasa nijibu kiume. Meli ina ukubwa gani? Mnaelekea wapi? Una mabaharia wangapi chini yako?

Mjomba wako,
Nahodha (wa zamani)


Melini, 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mvua, mzee wa boti la maji ameniambia huko kunanyesha. Hapa ni jua tu. Simu yangu imekufa pamoja na jenereta, kwa hiyo msinitafute huko.

Umeniuliza, nakujibu. Meli ni kubwa. Chini yangu hakuna mtu. Juu yangu hakuna mtu. Pembeni kuna paka. Tunakoelekea: asubuhi tunaelekea kaskazini, jioni kusini, kwa sababu nanga iko chini na upepo unatuzungusha pale pale.

Haya, nilikuwa natia chumvi, sasa naitoa. Meli hii waliachiwa na baba yao ndugu wawili, na ndugu hao hawasalimiani. Mmoja anataka iende, mwingine anataka isiende, wakafika mahakamani, na hakimu akasema isitoke bandarini mpaka aamue. Basi mabaharia wakaanza kuondoka wawili wawili, wakapata kazi kwenye meli nyingine. Mwishoni tukabaki mimi na nahodha mwenyewe. Siku moja akasema anakwenda mjini kung'oa jino. Alibeba sanduku. Mjomba, mimi sijawahi kuona jino linalong'olewa kwa sanduku, lakini nilikuwa na sufuria jikoni inafurika, na akili yangu yote ilikuwa kwenye sufuria.

Kabla hajashuka alinijia jikoni na daftari limefunguliwa. "Tia saini hapa, Upawa." Kila Ijumaa huwa natia saini kupokea unga na vitunguu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikafuta mkono kwenye aproni, nikatia saini.

Kesho yake akaja afisa wa bandari. "Nani anasimamia chombo hiki?" Nikamwambia subiri, nahodha yuko kwa daktari wa meno. Akafungua daftari. Akasoma. Akaniangalia mimi, akaangalia aproni, akaangalia tena daftari. "Nahodha ni wewe."

Na sheria yao ndiyo hiyo: meli haiwezi kukaa bandarini bila msimamizi, na aliyetia saini hawezi kuondoka mpaka mwingine atie saini mahali pake. Nikishuka nimetelekeza chombo, nafungwa. Nisiposhuka nimefungwa tayari. Wanasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi hapa nahodha mmoja, na chombo hakiendi popote.

Mjomba, wewe ni nahodha. Njoo utie saini unitoe. Nikae na mke wangu mpaka mtoto azaliwe, kisha nitarudi nikupokee. Naomba usimwambie mke wangu kwamba nimekwama. Mwambie nina majukumu.

Upawa


Nyumbani, 2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, huku shughuli hazina mwisho. Mama yako alikuwa na mafua, amepona, ameanza tena. Mke wako anashona nguo ndogo ndogo mpaka nguo zimezidi mtoto.

Nikupe habari za paa. Paa linavuja upande wa jikoni. Fundi wa kwanza alisema tatizo ni misumari. Fundi wa pili alisema tatizo ni fundi wa kwanza. Sasa amepatikana wa tatu, ila anataka mwenye nyumba awepo muda wote anapofanya kazi, na mwenye nyumba ni mimi, na yeye anafanya kazi Jumanne tu. Kwa hiyo unaona hali ilivyo.

Kuhusu wewe, nina neno. Alfajiri tembea sitaha nzima, mikono nyuma. Sema kidogo. Na nahodha hamenyi vitunguu mahali anapoonekana.

Kuhusu lile jambo lako, tutaliangalia.

Mjomba wako


Melini, 16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini paa linaendelea vizuri, maana nimelisoma kurasa tatu nzima.

Nani atanimenyea vitunguu, paka? Mimi ndiye nahodha, mpishi, mlinzi, na mfagizi. Saa saba napiga kengele ya chakula. Nakwenda kukaa mezani. Nanyanyuka kwenda kujipakulia. Jana nilijisifu kwamba mchele umeiva vizuri, nikajijibu asante, kisha nikaogopa.

Mjomba, nakuambia wazi kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki. Naogopa. Naogopa mtoto wangu atazaliwa mimi niko hapa nazunguka nanga. Nikilala namwona mke wangu anabisha mlango na mimi nimeshika usukani ambao haujafungwa kwenye kitu.

Leta cheti chako cha unahodha, umwonyeshe afisa, utie saini, basi. Kazi yenyewe ni ya kukaa. Goti lako litaipenda.

Upawa


Nyumbani, 11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima. Fundi wa tatu amekimbia.

Kuja ningekuja, tena mbio, goti au si goti. Shida ni cheti. Nilikiweka juu ya kabati, kwenye bahasha ya kaki, na juzi nimekwenda kukitoa nimekuta mchwa wamekimaliza. Wameacha pembe moja, nayo haina maandishi. Nimesikitika sana. Bila cheti nitamwambia nini afisa wako? Atanirudisha getini, na nauli ya bure.

Vumilia. Mvumilivu hula mbivu.

Mjomba wako

Nyongeza: Mama yako amesimama nyuma yangu, anasema niandike kwamba yeye nilimwambia cheti kilisombwa na mafuriko. Yote mawili ni kweli. Mchwa walianza, mafuriko yakamalizia.


Melini, 28 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Mchwa, halafu mafuriko. Sawa. Ungesema tu hutaki kuja, ningekasirika siku mbili, yakaisha. Lakini kunidanganya mimi, niliyekuwa nakushikia tochi ukitengeneza redio! Imeniuma mjomba. Imeniuma sana.

Sitakuomba tena. Tafadhali Agosti ikifika mpelekeni mke wangu hospitali mapema, msisubiri mpaka dakika ya mwisho. Mama anajua.

Upawa


Nyumbani, 7 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima, mke wako mzima. Paa nimeliziba mwenyewe, nusu saa, na goti halikusema kitu.

Sijawahi kuwa nahodha.

Nimeandika sentensi hiyo nikaenda kunywa maji, nimerudi, bado ipo. Nilikuwa serahangi. Miaka ishirini na sita, meli tano, serahangi. Nahodha wangu wa mwisho alinipa koti lake siku ya kuagana, lile la vifungo vya shaba. Nilirudi nyumbani nimelivaa kwa sababu kulikuwa na baridi. Nikaingia kwa kinyozi. Watu walikuwa wengi kwenye benchi. Kinyozi akaniona, akasema, "Karibu, Nahodha!" na akamwinua mtu kitini anikalishe mimi. Nilifungua mdomo nimsahihishe, naye akawa ameshanipaka sabuni. Nikasema nitamwambia nikija tena. Nilipokuja tena, benchi zima likasema Nahodha. Kila siku niliyongoja, idadi ya watu wa kuwaambia ilizidi kuwa kubwa. Mama yako peke yake ndiye alijua, na aliniambia siku ile ile kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka kumi na minane, lakini imefika, tena imefika kwako.

Cheti hakuna. Hakuna mchwa wala mafuriko. Nina kitabu cha baharia, na kila ukurasa umeandikwa serahangi. Niliogopa afisa akifungue mbele yako. Niliona afadhali wewe ukwame kuliko mimi niumbuke. Maneno ndiyo hayo, sina rangi ya kuyapaka. Mtoto wa dada yangu analia baharini, na mimi nakuandikia habari za misumari!

Ukitaka kunitukana nitukane, lakini mtukane mjomba, usimtukane mtu mzima.

Mjomba wako


Melini, 19 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Tena shikamoo mbili.

Kwanza nilicheka mpaka paka akahama sitaha. "Mchwa walianza"! Kisha nikakasirika, nikapika, nikala kwa hasira, nikashiba. Kisha nikakumbuka kitu ambacho mimi na wewe hatukukifikiria hata kidogo. Mjomba, mimi ni nahodha wa meli hii kwa miezi mitano, na cheti pekee nilicho nacho ni cha usafi wa jikoni!

Nikamngoja afisa, alipokuja nikamuuliza. Nikamwambia, nina mtu, lakini si nahodha, alikuwa serahangi tu, miaka ishirini na sita. Yule bwana aliweka kalamu chini. "Serahangi? Anayejua kufunga meli na kuangalia nanga?" Nikasema ndiye. Akasema, "Bwana wewe, sisi kila upepo ukivuma usiku hatulali kwa sababu ya meli hii, tunasema pale kuna mpishi. Mlete kesho!" Kwa meli iliyotia nanga hawataki cheti. Wanataka kitabu cha baharia na mtu atakayetia saini, na atakayetia saini ndiye ataandikwa nahodha. Nimemwambia arudie, karudia.

Sijui nikuite nani sasa. Ila nakuhitaji, na muda umekwisha. Njoo.

Upawa


Melini, 22 Agosti

Mpwa wangu,

Barua ya mama yako imefika na habari ya msichana. Mungu amkuze! Nimempigia kengele ya meli mara kumi, boti la ulinzi likaja mbio kuuliza kuna moto wapi. Nikawaambia kuna mjukuu.

Wewe ulishuka ile ngazi kama umemwagiwa maji ya moto, hata kuaga hukuaga, na ufunguo wa stoo ya unga umeondoka nao mfukoni. Nimevunja kufuli. Jikoni kwako sisemi kitu. Kwenye sitaha ninasema. Nani alifunga kamba ya ngazi kwa fundo la viatu? Na mnyororo wa nanga, mpwa wangu, tangu lini haukupakwa grisi? Siku ya tatu upepo ulivuma, meli ikaanza kuburuta nanga kuelekea gatini. Nikaongeza mnyororo peke yangu, kwa mkono, nikitukana tangu mwanzo mpaka mwisho, ikatulia. Miaka kumi na minane sikuwa nimetukana namna ile. Nilijisikia kijana.

Afisa alipofungua kitabu changu alisoma kurasa zote, taratibu. Nilitamani sakafu ipasuke. Akasema, "Mzee, karibu," akanisogezea daftari. Basi.

Mbusu mtoto. Nieleze anafanana na nani, usiseme mimi.

Mjomba wako


Nyumbani, 14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nilifika tarehe sita, mtoto akaja tarehe kumi. Siku nne, mjomba! Nilimshika wa kwanza baada ya mkunga, mikono inanuka vitunguu, akapiga chafya. Anafanana na mama, na ameanza kutusimanga.

Mke wangu anajua yote. Anasema majukumu yangu aliyatambua tangu Machi, kwa sababu mtu mwenye majukumu haandiki barua ndefu vile kuhusu paka. Amekushonea suruali ya kazi, ina mfuko wa filimbi.

Kinyozi ameniuliza, "Nahodha yuko wapi siku hizi?" Nimemwambia yuko melini kwake.

Nikupokee lini? Mimi niko tayari, ingawa si sana.

Upawa


Melini, 6 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu kwa mama yako, mke wako na yule mdogo. Usije kunipokea. Kazi imekwisha.

Ndugu wale wawili wamepatana. Wamekubaliana jambo moja tu maishani, kuiuza meli kwa chuma chakavu. Jumatatu ikaletwa amri ya mahakama kwamba ivutwe hadi upande wa pili wa bandari, kwenye karakana ya kukata meli. Safari ya dakika arobaini.

Asubuhi zikaja boti mbili za kuvuta, na rubani akapanda. Ni binti, umri wako, ana redio begani na miwani ya jua. Bandari nzima anaijua kama kiganja chake. Injini hatuna, usukani haufanyi kazi, meli inakwenda kufa. Mimi nilikuwa mbele nashughulika na nanga, kama kawaida yangu, wala sikudhani ananitafuta. Akaja mpaka kwenye winchi, akasimama mbele yangu, akavua miwani. Akasema, "Nahodha, boti ziko tayari, njia iko wazi. Naomba ruhusa yako tuanze."

Ndivyo inavyotakiwa. Rubani hata ajue nini, haanzi mpaka nahodha aseme. Nimelisikia swali hilo meli tano, mara mia na zaidi, nimesimama hatua mbili nyuma ya mtu anayeulizwa. Jibu lake lipo, lina maneno yake, nayajua kama jina langu. Yakapotea yote. Nikasema, "Twende, mama. Polepole."

Akaandika saa kwenye daftari. Nikanyanyua nanga. Meli ikatetemeka chini ya miguu yangu, ukuta wa gati ukaanza kurudi nyuma. Mpwa wangu, nilifurahi mpaka nikaogopa. Watu wa kwenye boti walinipungia mkono nami nikawapungia, mzee mzima, dakika arobaini nzima sikukaa chini.

Tulipofungwa kule, afisa alileta daftari nitie saini ya kushuka. Palikuwa na jina langu, na mbele yake lile neno. Nikafunga vifungo vya shaba vya lile koti kabla ya kutia saini, akaniuliza kama nasikia baridi. Nikamwambia ndiyo, upepo wa asubuhi huwa mkali.

Mjomba wako